Jumba la Vicheko la Port Wirrin

Jumba la Vicheko, nyumba ya kuchekesha watu katika bustani ya michezo ya mji, alilijenga mwaka 1934 Horace Quilty, mtu ambaye mjini kwetu hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Kazi yake ilikuwa kuchonga majeneza. Mbao zilizobaki ndizo alizotengenezea mteremko wa watu kutelezea.

Merle Tranter aliajiriwa pale akiwa na miaka ishirini na miwili. Alisimama kwenye mdomo wa pipa kubwa, refu kama basi, lililokuwa likizunguka polepole. Watu waliingia kwa mbwembwe, wakaangushwa chali, naye akawavuta nje kwa mikono. Kwa miaka thelathini na minane aliwavuta wanajeshi, maharusi, na Pasaka moja mchungaji na mkewe. Hakuna aliyevunjika hata ukucha. Najua, kwa sababu mimi nilikuwa juu ya mteremko nikigawa magunia ya kukalia.

Bustani ya michezo ilipofungwa, baraza la mji lilitaka kulibomoa jumba ili pawe maegesho ya magari. Merle akajifunga mlangoni kwa mnyororo wa mbwa wake. Sajenti wa polisi akaja.

"Mama, ufunguo wa kufuli uko wapi?"

"Nimeumeza."

"Umeumeza?"

"Kwa chai. Rudi kesho kutwa."

Magazeti yakampenda. Serikali ikatangaza kuwa jumba ni urithi wa kihistoria, marufuku kung'oa hata msumari. Tulisherehekea kwa kamba wa kuchemsha na bia, Merle akacheza hadi viatu vikamtoka.

Kisha akaletwa Bwana Fensham, afisa wa usalama, mpole kweli, kalamu tatu mfukoni. Pipa alilifunga boriti lisizunguke. Mteremko ukazungushiwa kamba ili mtu asiupande. Sakafu iliyokuwa ikitikisika ikapigiliwa misumari, na juu yake akatandika zulia la mpira ili mtu asiteleze. Vioo vya kupotosha umbo la mtu alivisamehe, ila kila kimoja kikapata kibao: hili si umbo lako halisi.

Siku ya ufunguzi watu walipita kwa foleni, kimya, kama wanaoaga maiti. Merle akasimama mbele ya pipa.

"Hili mbona limelala?"

"Limehifadhiwa, mama," Fensham akasema. "Ni urithi."

"Ni bomba la maji machafu!"

Akageuka kwa hasira, kisigino kikanasa kwenye pindo la zulia, akaanguka. Kifundo cha mkono kikavunjika. Alikuwa majeruhi wa kwanza katika historia ya jumba.

Baraza likamwita.

"Uliumia ndani ya jengo?" mwenyekiti akauliza.

"Niliumizwa na zulia lenu!"

"Zulia liko ndani ya jengo?"

"Liko, lakini..."

"Asante, mama. Inatosha."

Jumba likafungwa kwa kuwa ni hatari. Kisheria halibomolewi, na kisheria haliingiwi. Hupakwa rangi kila mwaka wa pili, na kwa kweli linapendeza.

Nilimpelekea Merle pai, nikitegemea kumkuta analia. Alikuwa anakunja uso tu, mkono umefungwa plasta ngumu.

"Noreen, shoga yangu, unajua sijawahi kupita ndani ya lile pipa?"

"Acha utani! Miaka yote ile?"

"Ningeanguka, nani angenivuta?"

Miezi michache baadaye wapaka rangi walikuja. Msimamizi wao, Lindsay Boag, alikuwa na mwili wa fahali na roho ya sungura. Nilimweleza habari ya Merle na pipa. Akaangalia barabara, huku na huku.

"Mimi naenda kunywa chai," aliwaambia vijana wake kwa sauti kubwa. Kisha akaingia, akaitoa boriti, akaanza kulisukuma pipa kwa bega.

Merle, niliyekuja naye, alivua viatu. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, miguu ikaenda zake. Alicheka kicheko cha kukwaruza ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Niliinama nimvute, nami nikaangukia juu yake.

"Mko salama?" Lindsay akauliza, anahema.

"Nyamaza usukume!" Merle akamfokea.