Breki Mpya za Dehbia

Jumamosi asubuhi Dehbia aliingiza Peugeot yake nyekundu, ile 205 ya zamani, kwenye gereji ya Lounis, akazima injini na kushuka na kikapu cha maandazi ya moto. Lounis alikuwa chini ya lori la mtu. Aliitambua gari kwa mlio wake, akauliza bila kujitokeza:

"Umekuja kunywa kahawa au kunitesa?"

"Nataka breki."

"Si unazo?"

"Ninazo za kwendea sokoni. Nataka za kuteremkia mlima."

Hapo Lounis akajitoa chini ya lori na kujifuta mikono. Peugeot hiyo ilikuwa ya Amokrane, kaka yake Dehbia, aliyekuwa akishindana nayo mbio za kupanda mlima zamani, wakati barabara zote za Kabylia, huko Algeria, zilijua jina lake. Lounis alimshinda mara moja tu, na mwenyewe alikiri kwamba siku hiyo Amokrane alipata pancha. Lakini Amokrane hakufia ndani ya gari hiyo. Alifia kwenye gari la kusambazia mikate, asubuhi ya ukungu, kwenye kona ya juu ya korongo. Wakubwa wa wilaya walitangaza kwamba alikuwa akikimbia ovyo, akavunja ukuta wa ulinzi na kutumbukia. Pale kijijini Tala Umadagh hakuna aliyewahi kuuona ukuta huo, si mzima wala uliovunjika.

Dehbia alikuwa mkunga katika hospitali ya bondeni. Kila siku aliipita kona hiyo kwenda na kurudi.

Lounis alifanya kazi nzuri, na inastahili kusimuliwa. Alitafuta diski pana za Peugeot kubwa zaidi pamoja na kalipa zake za kuzibana, akatafuta na rimu za kuzitosha, maana zile za awali zingekwaruza. Nyuma aliondoa breki za ngoma, akaweka diski huko nako. Mipira ya kupitishia mafuta ya breki aliibadilisha, akafunga ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, isiyotanuka mguu unapokandamiza. Kila bolti aliisugua kabla ya kuirudisha mahali pake, hata zile ambazo hakuna jicho lingeziona tena. Mwisho akamketisha Dehbia kwenye usukani ili watoe hewa mipirani.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie mpaka nikwambie, we mwanamke!"

"Kazi yangu ni kuwaambia wanawake wenzangu wasisukume mpaka niwaambie. Mimi unifundishe kungoja?"

Lounis alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Mafuta meusi yakatoka, kisha yenye mapovu, kisha yakaja safi kama chai isiyo na maziwa.

"Sasa sikiliza," alisema. "Usizikanyage kama mwehu. Ukimbize, uishike, uachie kabla haijasimama, halafu urudie mpaka pedi na diski zizoeane. Ni maharusi hao. Usiwaharakishe."

Dehbia aliteremka akifanya hivyo. Pedali ilikuwa ngumu na nyepesi kwa pamoja, na gari ilitii kila alichoiambia kwa mguu. Harufu ya pedi zilizopata moto ilijaa ndani, naye akafungua dirisha. Kwenye kona ya korongo kundi la mbuzi lilikuwa likivuka, akakanyaga kwa nguvu zote.

Gari ilisimama. Haikupiga kelele wala kuvuta upande. Ilisimama vizuri kiasi kwamba lile gari la mikate, lililopita hapo miaka sita nyuma lisisimame, nalo lilisimama nyuma yake.

Amokrane alishuka. Mikono ya shati lake ilikuwa na unga. Kabla ya kumsalimu dada yake aliinama akachungulia kwenye rimu.

"Diski za wapi hizi?"

"Katafuta Lounis."

"Na nyuma?"

"Na nyuma."

Akapiga mluzi. "Shetani yule! Kumbe ana mikono."

Dehbia alimkumbatia. Alinukia hamira na baridi. Alipomwachia, Dehbia aliuliza swali alilokaa nalo muda wote huo.

"Kaka, ulikuwa unakimbia?"

"Na mikate ile nyuma? Ingekuwa makombo. Nilikuwa natambaa, Dehbia. Kulikuwa na barafu, likateleza taratibu, taratibu mno. Hata kizuizi cha kufika magotini kingelishika."

Walitazama ukingo. Palikuwa na majani makavu, kisha hewa.

Mbuzi walipomaliza kuvuka, Amokrane alipeleka mikate dukani. Mwenye duka aliibonyeza kwa kidole akasema, "Umechelewa." Amokrane akajibu kwamba alikwama korongoni. Tangu hapo, kila asubuhi Dehbia alikanyaga breki kwenye kona, na kaka yake akasimama nyuma yake. Jioni Amokrane alirudi korongoni. Siku ambayo Dehbia alilala na homa, kijiji kilikula mkate wa jana.

Alipopona alimwendea Si Boualem, yaani Bwana Boualem, msimamizi wa barabara za wilaya, aliyetia saini kwamba ukuta umekamilika. Alimleta mpaka kwenye kona. Amokrane na Lounis walikuwa wakingoja.

"Pole sana kwa msiba," Si Boualem alimwambia Amokrane, akimpa mkono.

"Asante."

"Bwana mkubwa," alisema Dehbia, "tuonyeshe huo ukuta."

Si Boualem alitembea mpaka ukingoni, akaegemeza viwiko vyake hewani, na hewa ikambeba. Aliipiga kwa kiganja. Ikatoa mlio mzito wa zege.

"Huu hapa. Kazi imara."

Lounis naye alijaribu kuegemea. Dehbia alimdaka mkanda wa suruali wakati mguu mmoja ulishaning'inia.

"Mwenzenu nauona, naugusa," alisema Si Boualem akikunja mguu mmoja apumzike. "Nyinyi sijui mna tatizo gani."

Akakung'uta vumbi la saruji kwenye mikono ya koti, akaaga, akarudi kwake mjini, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu wa zege unaoonekana na kila mtu.

"Mwehu," alisema Lounis.

"Si mwehu," alisema Dehbia. "Wehu hawana ukuta."

Alikaa juu ya boneti, machozi yakimtoka kwa hasira. Amokrane alisimama kando yake, mikono mifukoni, kama mtu aliyezoea kungoja. Kisha akamnyooshea kiganja.

"Nipe ufunguo. Tangu mzifunge breki hizi hamjanionjesha."

Walipanda mpaka juu, kisha akaiteremsha. Aliendesha kama zamani, mabega yakiwa yametulia, usukani ukicheza vidoleni. Alichelewa kukanyaga, akachelewa zaidi, Dehbia akashika mlango, na kwenye kona ya korongo akaisimamisha kama mtu anayeweka kikombe juu ya meza.

"Mungu ambariki Lounis," alisema. "Hizi ndizo breki."

Dehbia alicheka akiwa bado analia. Kokoto zilizosukumwa na tairi la mbele zilidondoka ukingoni. Wakazisikiliza wote wawili zikiteremka, na zilichukua muda mrefu kufika chini.