Hewa Yenye Maji

Tone la kwanza lilimwangukia mfagiaji kwenye mdomo wa juu. La pili liligonga kisiki cha jino la mbele, lile alilolivunja wiki mbili zilizopita alipoteleza na ndoo kwenye korido ya kliniki hiihii. Daktari alikuwa anapuliza hewa ili jino likauke. Hewa ilikuwa inatoka na maji.

Alijua kwa nini. Kwa miaka sita, kila asubuhi kabla ya kushika fagio, alikwenda uani kufungua koki iliyo chini ya mtungi wa kompresa, mashine inayosukuma hewa ya daktari, akayamwaga maji ya kutu yaliyojikusanya humo. Fundi aliyeifunga mashine ndiye aliyemwonyesha: usipoyatoa, mama, yatapanda na bomba mpaka vinywani mwa watu, na gundi ya meno haishiki penye unyevu. Tangu yeye asimamishwe, nani mwingine angekumbuka koki?

Alisimamishwa kwa ajili ya pengo. "Kliniki ya meno haiwezi kufagiliwa na kibogoyo," bosi alisema, na watu wote wa mapokezi wakaangua kicheko. Kisha roho ya huruma ikamwingia bosi: jino lizibwe hapahapa, bure. Likikaa mpaka Jumatatu, arudi kazini. Lisipokaa, kuna mtu anaisubiri nafasi.

"Daktari," mfagiaji alisema, pamba zikiwa zimemjaa kinywani, "mtungi wa uani una maji."

"Mama, usiongee. Unanimwagia mate."

"Si mate. Ile koki..."

Daktari alimgeukia msaidizi wake. "Umesikia? Kumbe miaka yote ile chuoni nilipoteza muda, ningejifunza kufagia."

Msaidizi alicheka kwa adabu. Gundi ikapakwa, dawa nyeupe ikafinyangwa, taa ya buluu ikawashwa. Mfagiaji alipewa kioo. Jino lilikuwa zuri, jeupe kuliko wenzake wote, naye akafurahi, akajichukia kwa kufurahi.

Siku nne alikunywa uji, na huo aliupitishia pembeni. Jumatatu saa moja asubuhi alisimama mbele ya meza ya bosi.

"Haya, cheka tuone."

Akacheka. Bosi alinyoosha kidole akalisukuma jino kwa ukucha, polepole, kama anayejaribu rangi ya ukuta kama imekauka. Likabanduka, likaangukia mezani.

Daktari aliitwa. Hakuligusa hata kidogo. Aliandika kwenye kadi: mgonjwa ametafuna kitu kigumu.

"Nimekunywa uji tu, daktari."

"Wote mnasema hivyohivyo."

"Wote wangapi?" bosi aliuliza.

"Huyu wa tano tangu wiki iliyopita," msaidizi alijibu, halafu akatamani asingefungua mdomo.

Bosi alimkazia macho daktari. Daktari akajifanya anasoma kadi. Mfagiaji aliambiwa aende, akatokea mlango wa nyuma, njia aliyoizoea. Kompresa ilikuwa inanguruma uani. Kule mapokezi alikuwa amemwona bibi mmoja mwenye shavu lililovimba, wa kwanza kwenye foleni, naye ndiye atakayepulizwa maji sasa hivi. Mfagiaji aliinama akafungua koki.

Maji ya kutu yalifoka, yakamlowesha miguu.

"Wewe! Unafanya nini hapo?" Mlinzi alimdaka mkono. Kelele zake ziliwatoa wote ndani.

Daktari aliyatazama maji, akamtazama mfagiaji, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akapumua vizuri.

"Bosi, ndiyo maana meno ya watu yanabanduka. Huyu mama anakuja kuchezea mashine."

"Mimi huwa nayatoa haya maji, kila siku huwa..."

"Kila siku! Amekiri mwenyewe."

Maji yaliendelea kutoka. Hakuna aliyeuliza yamekaa humo tangu lini. Bosi alitoa simu. Picha itabandikwa mapokezi, wagonjwa wamjue aliyewaharibia meno.

Mfagiaji alikuwa ameuziba mdomo kwa kiganja.

"Toa mkono," bosi alisema. "Pengo lionekane."