Besi Iliyotoka Kwenye Benchi

Benchi lilikuwa la ukumbi wa wafanyakazi, na mzee alilibeba begani siku ulipofungwa. Wafanyakazi wengine walibeba viti, mmoja akabeba saa ya ukutani. Besi, gitaa la sauti nzito la bendi yao, ikafungiwa ndani pamoja na ngoma na spika, na mpaka leo ukumbi ule ni ghala la mbolea. Wapo wanaosema hayo yamepita. Yamepita kwa waliokuwa wamelala.

Jumamosi mzee alikuwa mpiga besi. Siku nyingine alikuwa mpasuaji mbao katika kiwanda kilichowapa watu pamba ya kuziba masikio, tena kipande kimoja kwa wiki. Alipoacha kusikia, daktari wa kiwanda aliandika kwenye fomu: uzee. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Mwaka huohuo meneja alichimbiwa bwawa la kuogelea.

Kwa miaka kumi na tisa hakugusa chombo. Sasa binti yake, fundi seremala mwenye karakana ya milango na madirisha, alikuwa amelilaza benchi lile mezani. Alikuwa amemwahidi baba yake jambo ambalo hata yeye hakuwa na hakika nalo: kwamba atapiga tena.

"Besi ya umeme sauti yake iko kwenye spika," alimwandikia kwa chaki kwenye kipande cha plaiwudi, maana ndivyo walivyozungumza. "Yako itakaa kwenye mbao. Utaishika kifuani."

"Iwe tupu ndani, yote?" mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

"Mbavuni tupu, katikati gogo," binti aliandika. " Bila gogo nyuzi zitaikunja kama kiti cha plastiki."

Shangazi, dada wa mzee, alikuwa ameketi mlangoni akishona kifungo. "Kiziwi anatengenezewa gitaa," alisema. "Kesho mninunulie mimi glavu, niwe golikipa."

"Anasemaje huyo?" mzee aliuliza.

Binti akaandika: "Anakusifu."

"Muongo wewe. Huo mdomo ukikaa hivyo naujua."

Waliupasua ubao wa benchi kwa unene, wakaufungua kama kitabu, wakaziunganisha kurasa zake mbili kwa gundi. Ulikuwa msonobari ulionyooka mistari, mkavu, uliokaushwa na makalio ya watu wa kazi miaka thelathini. Huo ndio ungekuwa uso wa gitaa, na hapakuwa na mwingine. Uso mnene haulii. Ukiwa mwembamba mno unapasuka.

Binti alipiga randa mpaka milimita tatu na nusu, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ukaitika vizuri, kama mtungi. Akaandika: "Inatosha."

Mzee akauchukua ubao, akaung'ata ukingoni. "Gonga," alisema kwa meno yaliyobana.

Shangazi alianza kucheka, akaacha.

Binti akagonga. Mzee alifumba macho, mate yakimchuruzika kidogo kwenye msonobari. "Tena. Shuka. Kushoto." Kisha akautoa mdomoni, akaweka kidole mahali pasipozidi upana wa kiganja. "Kwingine kote kumeamka. Hapa pamelala."

Binti hakuwa amesikia tofauti yoyote. Akachukua kipimo chake cha chuma ili amwonyeshe mzee kuwa amekosea. Kipimo kikasema nne. Akapima tena. Nne. Ilikuwa nusu milimita, unene wa ukucha, na meno ya mzee yalikuwa yameiona.

Akaichukua randa.

Akapiga pale palipolala. Mzee akang'ata, yeye akagonga, na kila mara jibu likawa lilelile: bado. Walipofika milimita tatu kamili, binti aliandika kwa nguvu mpaka chaki ikakatika: "Utapasuka. Hatuna mwingine."

Mzee alisoma, akafuta kwa mkono wa shati. "Mwanangu, wenye masikio ndio walioniambia kile kiwanda hakina kelele. Piga randa."

Binti aliiweka randa kando, akachukua kipande cha kioo na kukwangua, pumzi ameibana, vumbi likidondoka laini kama unga. Akagonga. Akakwangua. Akagonga. Mzee akainua kiganja.

"Wote umeamka."

Wiki tatu baadaye shingo ya gitaa ilikuwa imeshika, nyuzi nne zimevutwa. Mzee aliikumbatia besi, akaegemeza kidevu kwenye ukingo wake, akapiga uzi mnene. Misumari ikalia ndani ya kopo lililokuwa mezani. Binti aliisikia sauti nyayoni kabla ya masikioni. Shangazi akasimama, sindano mkononi.

Mzee hakulia wala hakucheka. Alipiga tena, taratibu, kama anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kisha akakunja uso, akabana uzi mmoja na kuupiga pamoja na wa jirani.

"Hizi mbili zinagombana," alisema, akagusa mfupa wa kifua. "Zinasukumana hapa. Legeza huu wa pili."

Binti alitega masikio yake mazima, na ndipo akaisikia, kwa mbali sana: sauti iliyopanda na kushuka, kidogo mno. Akashika ufunguo wa kukazia uzi wa pili, akaulegeza.

"Bado. Bado. Umepita, rudi."

Wimbi la sauti ile likarefuka, likazidi kurefuka, likalala.

"Hapo," mzee alisema, kabla binti hajawa na hakika. "Sasa wa tatu."

Binti akahamia ufunguo wa tatu, akasubiri aambiwe.