Kokoto Nyekundu Katika Ukuta wa Shule

Picha zilitakiwa kwa mchapaji saa sita mchana. Saa tatu, mchoraji wa makumbusho alikuwa bado amechuchumaa kando ya ukuta wa shule, akibishana na kokoto moja nyekundu.

Machimbo ya mawe yalikwishajaa maji. Ukuta ule, uliojengwa kwa mawe yake, ndio pekee uliobaki kueleza nchi hiyo ilikuwaje kabla ya watu. Chini, mawe ya kijivu yenye mifupa ya samaki. Katikati, tope lililoganda na nyayo za viboko. Juu, mawe ya mchanga mwekundu mtupu, hata alama ya mjusi hakuna. Basi alikuwa amechora, katika michoro mitatu, ziwa likikauka hadi likawa jangwa. Ofisini walisifu huzuni ya michoro hiyo.

Lakini kokoto ya mchanga ule mwekundu ilikuwa ndani ya jiwe la kijivu, safu ya chini kabisa. Jiwe la kwanza lingemezaje kipande cha jiwe la mwisho? Ni sawa na bibi kurithi mali ya mjukuu ambaye hajazaliwa.

Akamwita mjomba wake, fundi mwashi aliyeujenga ukuta, akamwuliza kwa adabu kama huenda mawe yalichanganyika. Mzee alinuna. Akasema hakugusa lori la pili kabla la kwanza halijaisha, na kila jiwe alililaza kama lilivyolala ardhini. Kisha akaanza kucheka.

"Mpwa wangu, na shule yote hiyo. Shimo huchimbwa kuanzia wapi?"

"Juu."

"Na ukuta?"

Mchoraji akautazama ukuta upya, kuanzia chini. Safu ya chini ya ukuta ilikuwa tabaka la juu la machimbo. Jangwa ndilo lililotangulia. Yakafuata matope na viboko, kisha ziwa na samaki wake. Nchi haikufa, ilipata mvua.

Kubadilisha namba za michoro ile mitatu kulichukua dakika chache. Chini yake akaandika shukrani kwa mjomba wake. Mzee akavaa miwani, akasoma, akakataa.

"Futa mjomba. Mjomba huaminiwa hata akikosea. Andika fundi."

Akaandika fundi, akamshukuru pia kwa mdomo, mara mbili. Mzee hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama, kidole juu ya kokoto.

"Jiwe hili nilitaka kulitupa," alisema. "Lilikuwa na doa."