Mabuti ya Wodi ya Wanaume

Kabla ya adhana, kijiko kilikuwa kikikwaruza ndani ya kikombe cha bati. Shamsia alikuwa akisaga vidonge vya magoti vya mumewe Salehe, taratibu, ili mjukuu asiamke. Unga ulipolainika aliumimina kwenye uji wa ulezi, akakoroga, akafunga chupa. Salehe alikuwa amelazwa kwa sababu damu ilimganda mguuni, na mguu wake ulikuwa unatibiwa. Lakini usiku alilia magoti, maumivu yake ya miaka yote ya kukanyaga cherehani, na hospitalini hakuna aliyemuuliza habari za magoti.

Mlangoni mwa wodi ya wanaume Shamsia alivua ndala, akachagua mabuti yanayomtosha. Mabuti ya mpira yalipangwa hapo kwa ajili ya wauguzi na watu wanaokuja kuona wagonjwa, kwa kuwa chini ya baadhi ya vitanda husimama maji ya ziwa. Ni maji ya baridi, yananuka magugu, na dagaa wamo. Hayatoki kwenye bomba. Fundi alivunja sakafu akakuta udongo mkavu. Nesi mmoja wa zamani ndiye aliyegundua kwamba maji hujaa chini ya mgonjwa ambaye dawa zake zinagombana mwilini, na hukauka zikitenganishwa. Hukauka pia mgonjwa akifa. Aliwaeleza wakubwa, akaomba wauguzi waongezwe. Wakubwa walikaa kikao, wakanunua mabuti.

Asubuhi hiyo sista Getruda alikuwa peke yake tena. Alisimama katikati ya wodi na toroli lake la dawa, akapaza sauti: "Kuna anayetumia dawa nyingine, tofauti na tunazompa hapa?"

"Hapanaaa," wodi nzima ikajibu, wagonjwa na ndugu zao, kama darasa linalomjibu mwalimu. Shamsia naye alijibu. Juzi mtu mmoja alisema ndiyo, na daktari akamuuliza mbele ya wote kama amekuja kutibiwa au kutibu.

Kisha alihisi kitu kikimgonga kwenye buti. Chini ya kitanda cha Salehe, palipokuwa pakavu jana, maji yalipita kifundo cha mguu na dagaa walikuwa wakizizunguka ndala za mgonjwa. Salehe alikuwa akijifuta damu ya fizi kwa ncha ya shuka.

"Mama Hadiya, umeniletea uji au umeniletea ziwa?" alisema. "Lete basi. Uji wako unayalaza magoti."

Shamsia aliikumbatia chupa. Maji yakapanda kidogo, bila sauti. Aligeuka akamfuata Getruda, akamnong'oneza.

Getruda hakumfokea. "Mama, hivyo vya magoti na hii ya kuzuia damu kuganda havikai nyumba moja," alisema. "Angevuja ndani kwa ndani, sisi tunamtazama." Aliumwaga uji kwenye sinki, akaenda kumwita daktari. Aliporudi alimmiminia Salehe chai ya chupa yake mwenyewe, ambayo alikuwa hajapata nafasi ya kuinywa.

"Mbona hamtuulizi mmoja mmoja, mwanangu?"

"Nikiinama kwa kila mmoja, mama, dawa za asubuhi atagawa nani?"

Baada ya siku chache, chini ya Salehe palibaki unyevu tu na dagaa mmoja. Mfagizi alimwokota akampelekea paka wa jikoni.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee Machibya wa Sengerema, ambaye ndugu zake walikuwa wamerudi kupanda mahindi. Kwake maji yalianza siku alipoandikiwa dawa ya kifafa, na sasa yaligusa vyuma vya kitanda. Kila asubuhi Shamsia alimkuta amegeukia ukuta, akimeza kidonge kutoka kwenye kopo alilolizungushia leso ili lisilie. Marehemu dada yake Shamsia alikuwa akilifunga kopo lake vivyo hivyo. Dawa za virusi alizijua hata zikiwa zimefunikwa.

Siri ya mtu haimwagwi. Alimwambia Getruda hivi tu: "Yule mzee muulize sikioni."

Getruda alikwenda palepale. Alimfunika miguu, akainama mpaka shavu likakaribia mto. Machibya alifungua mdomo. Ndipo kutoka mwisho wa wodi mtu akapiga kelele kwamba mgonjwa anaanguka.

"Narudi, babu," Getruda alisema, akakimbia, maji yakiruka. Zamu yake iliisha akiwa bado huko, na kesho yake akapangiwa wodi nyingine.

Siku Salehe aliporuhusiwa, mlangoni yalikuwa yameletwa mabuti mapya, marefu ya kufika magotini. Nesi mwingine aliuliza swali lile lile kutoka katikati ya wodi, wodi ikajibu. Sauti ya Machibya ilikuwamo.

Shamsia alikwenda kumuaga. Maji yalikuwa yamelifikia godoro. Mzee alikuwa ameuning'iniza mkono, na dagaa walimgusagusa vidole.

"Sisi tunakwenda, mzee. Nikuletee nini kesho?"

"Usilete kitu, mama," alisema. "Ukitoka, mtafute yule binti. Mwambie aje tena, ainame kama siku ile."