Viti Arobaini

Karatasi ya ahadi za diwani mpya ilikaa wiki mbili bila kuguswa ukutani kwetu, juu ya ndoo ya maji, alikoibandika mume wangu. Yeye ni mpaka rangi, na wakati wa kampeni alizunguka na ngazi yake akibandika picha za mama yule mpaka nikamtania kwamba nishaanza kuona wivu. Siku mama huyo aliposhinda, mume wangu alimnyanyua mtoto wetu, Kokoto, akamwambia, "Sasa na wewe una serikali." Kokoto, mwenye mwaka mmoja na miezi minane, akamvuta pua.

Mchana mimi nashona sare kwenye karakana. Jioni, siku nne kwa wiki, nasoma darasa la watu wazima, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi miwili. Mwalimu wetu, mzee anayekohoa kila anapokaribia jambo la maana, alituletea karatasi ile ile darasani. Akasema tusimsifu mtu wala tusimtukane. Kila ahadi tuiulize nani atafanya, lini, na kwa kipimo gani. Taa za barabarani zilijibu swali moja tu. Maji ya kila siku hayakujibu hata moja, tukacheka. Kituo cha kulelea watoto ndicho kilichojibu yote: kinafunguliwa mwisho wa mwezi na ofisi ya diwani, bure, watoto arobaini. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikabaki nikiitazama ile arobaini kama ninavyotazama kipande cha kitambaa ninachoambiwa kitatoa suruali mbili.

Sababu ilikuwa Bibi Usingizi. Tulimpa jina hilo kwa kuwa hakuna mtoto aliyewahi kugoma kulala mikononi mwake. Analea watoto tisa chumbani kwake, na wangu hukaa naye hadi saa mbili usiku nikitoka darasani, maana mume wangu hupaka maduka yakishafungwa. Aliposikia habari za kituo, alituita wazazi akatuambia, bila kinyongo, kwamba miguu imechoka na sasa serikali imempokea mzigo. Mwisho wa mwezi anafunga. Magodoro mawili alikuwa ameshayagawa. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kituo kikiwa maneno matupu, mimi na darasa ndiyo basi.

Mume wangu hakutaka kusikia. Chumba cha kituo alikipaka yeye mwenyewe, samawati ya kutuliza macho. Akasema nimeanza kusoma juzi tu na tayari namkagua mpaka diwani. Nikamjibu simkagui diwani, nakagua usingizi wa mwanao. Akanimiminia chai, na hiyo ndiyo lugha yake ya kusema ugomvi umekwisha.

Jumamosi wakazi tuliitwa kukiona chumba. Viti vidogo vilipangwa safu tano, vinang'aa. Diwani, aliyekuwa karani wa posta miaka yote, alisimama mlangoni akitupa mkono mmoja mmoja. Wenzangu walipokuwa wakipiga picha, nilimkabidhi mume wangu mtoto, nikatoa futi yangu ya kupimia nguo, nikapiga magoti pembeni mwa ukuta.

"Mama Kokoto, tafadhali," alininong'oneza. "Si leo."

Futi ya fundi nguo ni fupi, mita moja na nusu, na kila nilipoivuta ncha ya pili iliachia. Mara ya tatu haikuachia. Nilipoinua macho, diwani alikuwa amechutama, kidole chake kimeibana ukutani.

"Tunapima nini, mwanangu?"

"Magodoro, Mheshimiwa."

Hakuuliza zaidi. Tukasogea pamoja, yeye akishika, mimi nikihesabu: mita tano kwa nne. Tukavisogeza viti kando, nikachora sakafuni kwa chaki ya kushonea. Safu mbili, njia ya mlezi katikati, nafasi ya mlango. Wakatoka watoto kumi na wawili. Tukiwabana, kumi na wanne, na mmoja atamlalia mwenzake.

Diwani alikaa kwenye kimoja cha vile viti, magoti yakamfika kifuani.

"Nilihesabu viti," alisema taratibu. "Wangu wameshakuwa watu wazima. Nilisahau kwamba wanalala."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, yake na yangu, na yangu ikaniishia palepale. Nikamuuliza nani atabaki na watoto kituo kikifungwa saa kumi alasiri. Akasema hakuna, wala hakuficha. Alipoanza kueleza kwamba suala hilo atalipeleka kwenye kikao kijacho, nilimkatiza.

"Kikao kitasubiri. Bibi Usingizi anafunga kwa sababu ya karatasi yako. Twende ukamwambie mwenyewe."

Tulikwenda kwa miguu. Mume wangu alitufuata nyuma, Kokoto mabegani, akitazama chini kama aliyepewa kazi ya kuhesabu hatua. Kwa Bibi Usingizi kulikuwa na watoto watano wamelala, wa wazazi wanaofanya kazi Jumamosi. Diwani alianza kwa sauti ya jukwaani, Bibi akaweka kidole mdomoni, akamvua mkoba na kumpakatisha mtoto aliyekuwa anaanza kuamka. Kwa hiyo diwani aliyasema yote kwa kunong'ona huku akibembeleza: kwamba kituo kitalaza kumi na wawili tu, kwamba jioni hakuna mtu, kwamba anamwomba asifunge kwanza.

"Mpaka lini?" Bibi aliuliza.

Diwani alinitazama. "Sijui," alisema. "Nitakuja kila Jumamosi kukuambia nimefika wapi."

Bibi alimtazama jinsi alivyomshika yule mtoto. "Basi uje asubuhi," alisema, "unishikie hawa, nipumzishe miguu."

Jumatatu nilikwenda darasani, na Kokoto akalala mahali pake pa siku zote. Jumamosi diwani alikuja, amechelewa nusu saa, na habari aliyoleta ilikuwa kwamba bado. Bibi akampa mtoto amshike. Kama atakuja Jumamosi ijayo, sijui.

Nyumbani mume wangu alichukua brashi yake nyembamba na samawati iliyobaki, akaifuta ile arobaini, akaandika kumi na wawili. Karatasi hakuibandua. Nami sikumwambia aibandue.