Usingizi Habebi Mtu Mwenye Maji

Jana usiku nimeota, na nawahadithia hivi hivi kabla haijanitoka: Usingizi kaja kunichukua, na ni mtu. Hamali. Ana mkokoteni.

Nimelala, nimeunganishwa na mashine. Figo zangu zimekufa, huu mwaka wa pili. Kila usiku mashine inanijaza maji tumboni kwa mrija, inayatoa na uchafu wa damu, inajaza mengine, hadi alfajiri. Nikijigeuza vibaya, inalia.

"Nichukue," namwambia. "Kesho nafungua duka la kaka Mbwana. Kasema akinikuta nimesinzia tena kaunta, ananitoa, anaweka mtu mwingine."

Usingizi ananipima kwa macho. "Tumboni una nini?"

"Maji. Lita mbili."

"Basi sikuchukui. Maji mimi sibebi, yanamwagika njiani."

"Na ukimbeba huyo, unanibeba na mimi," mashine inadakia. "Mimi silali, mzee. Nipo kazini."

"Nipe basi hata lepe moja," nambembeleza.

Anapekua mkokotenini. Lepe lenyewe dogo, kama kipande cha chapati, limeandikwa jina langu: Mwanahawa. Nanyoosha mkono. Analirudisha.

"Hili lina mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi? Jina hilo hapo!"

"Jina lako, mdogo wangu. Anayelala mwingine."

Kitanda sasa kiko dukani, katikati ya chaja na kava za simu. Wateja wamepanga foleni, wananitazama. Usingizi anasukuma mkokoteni ukutani, ukuta unapisha kama pazia, na ng'ambo ni chumba cha kaka Mbwana. Namwona Usingizi anamfunika kaka kwa malepe yangu, moja moja, ya mwaka mzima. Kaka anayavuta mpaka shingoni.

"Mvivu yule," anasema usingizini, tena usingizi wangu. "Anashinda kitandani, halafu kachoka. Kachoka nini?"

Mashine ikalia. Nikaamka. Nashika simu: saa kumi na mbili na nusu. Mwili kama umetwangwa.

Mlango ukasukumwa. Kaka Mbwana, anajinyoosha mpaka viungo vinaalika.

"We Hawa, bado tu? Mie leo nimelala usingizi wa watu wawili!"

Shavuni ana alama nyekundu ya foronya, herufi za darizi zimegeuka kinyume. Nazisoma polepole: LALA SALAMA.

Nyumba nzima, foronya yenye maneno hayo ni moja tu. Nimeilalia mimi.